Waziri Amefiwa na Nani?

"Hivi Mama Tusekile, serikali ikiazima ngoma ya msiba, inakuwa imefiwa na nani?"

Jirani yangu, Mama Atupele, aliniuliza hivyo siku moja tukiwa uani kwangu tunapukuchua mahindi. Nilidhani ni maneno yake ya kila siku, maana Mama Atupele amejaliwa mdomo na hajawahi kuupumzisha. Lakini swali lile lilikuwa na miguu. Lilitembea kutoka uani kwangu likafika mpaka kwenye kipaza sauti cha taifa, na mimi nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu.

Jina la nchi yetu sitaliandika. Kulitaja bila kibali ni kosa, na kibali hutolewa na ofisi ambayo nayo haitajwi. Itoshe kusema ni nchi yenye furaha. Redio hutuambia hivyo kila asubuhi kabla hatujapata nafasi ya kufikiri vingine. Mimi ni mjane, shule niliishia darasa la saba, na kama kuna mahali nitaeleza jambo likaonekana la ajabu, basi mjue ni elimu yangu ndogo. Viongozi wetu huwa wana sababu.

Marehemu mume wangu, Mzee Ambokile, alikuwa mpiga ngoma wa kanisa. Zamani hatukuwa na kengele, ngoma ndiyo iliyotuita kwenye ibada. Kengele ilipokuja, ngoma ikabaki na kazi moja tu, ya msiba. Ni kubwa, inanifikia kiunoni, na inakaa jikoni kwangu karibu na mafiga ili moshi uikaushe ngozi. Sauti yake kila mtu wa kwetu anaijua kama anavyoijua sauti ya mama yake.

Ikilia, kila anayeisikia anaketi chini palepale alipo, awe shambani, awe sokoni. Moto unazimwa. Hakuna anayeinuka wala anayepika mpaka aliyeipiga amtaje marehemu, aseme alifia wapi na alifaje. Wenye msiba wakiona maneno ni ya kweli wanaitikia, "Ni wetu." Hapo ndipo watu wanainuka, moto unawashwa, wanaume wanachukua majembe. Na mwenye ngoma akiihamisha, msiba unahama nayo, walioketi wako huru kuinuka. Watoto wa kwetu wanajua haya kabla hawajajua kusali.

Mara ya mwisho ngoma ile ililia kwa ajili ya mume wangu mwenyewe. Alishikwa na tumbo, vijana wakambeba kwa machela hadi Zahanati ya Mfano iliyoko Uwanja wa Shukrani. Zahanati hiyo ilikuwa imezinduliwa mara nyingi, kila kiongozi akija anakata utepe wake, lakini ilikuwa bado haijawahi kufunguliwa. Ufunguo ulitunzwa mji mkuu, kwa usalama. Mume wangu alikata roho ameegemea ule mlango. Nilirudi nyumbani nikaipiga ngoma mimi mwenyewe, mwanamke, nikasema: "Ni Ambokile. Amefia nje ya zahanati, mlango umefungwa." Kijiji kizima kikaitikia. Kesho yake akaja mtu wa serikali, mpole kabisa, akaniuliza kama siwezi kuipiga tena, nirekebishe kidogo.

*

Tamasha lenyewe lilianza hivi. Bwana Mkubwa wetu alikwenda safari ng'ambo, akaona watu wazima wenye mali zao wamelala kwenye mahema porini, wanaota moto, wanapiga ngoma. Akauliza, "Hawa wamefanya kosa gani?" Akajibiwa kwamba ni watalii. Alirudi nyumbani ameshapata ufunuo. Tangu siku ile mtu asiye na nyumba katika nchi yetu haitwi tena maskini, anaitwa mtalii wa ndani. Na likatangazwa Tamasha la Taifa la Ngoma na Kulala Nje, mwisho wa juma mzima, chini ya Wizara ya Shangwe na Utulivu. Kila ngoma iliyoko nchini iletwe. Kila mwananchi alale nje kwa hiari yake, na asiyetaka atafuatwa.

Kwangu alikuja Tindwa, Mratibu wa Shangwe wa Wilaya. Si mgeni, ni mtoto wa kijijini kwetu. Mama yake, Sekela, alipofariki ni ngoma hiyohiyo iliyolia, na Tindwa alijitupa kwenye matope na suti yake, nikamfuta mimi kwa kanga yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

Hakukaa. "Mama, nimetumwa ngoma."

"Ya jikoni?"

"Ndiyo hiyo."

"Unaijua kazi yake."

"Naijua, mama."

"Basi?"

Akaanza kuifuta kofia yake, nayo ilikuwa safi. "Agizo linasema ngoma zote. Halikuuliza ya furaha wala ya msiba. Ngoma isiyofika itahesabiwa kuwa ina kinyongo na serikali."

"Na mimi mwenye ngoma?"

"Utahesabiwa pamoja nayo."

"Si umweleze huyo Waziri wako ni ngoma ya nini?"

"Mama, Waziri haelezwi. Waziri hupongezwa." Akashusha sauti. "Lakini nakuapia kaburi la mama, haitapigwa. Itakaa tu jukwaani ionekane, kama mama mkwe kwenye sherehe."

Mama Atupele alikuwa kwenye ua wake, anasikiliza bila kujificha. "Wewe Tindwa," akaita, "na mama mkwe akiudhika je?"

Ngoma ikapakiwa kwenye gari la serikali. Nikajifunga kanga mbili, nikachukua Biblia yangu na blanketi la kuifunikia ngoma umande usiiharibu, nikapanda nayo. Niliazimia jambo moja tu: ilivyotoka jikoni kwangu bila kulia, irudi bila kulia. Mama Atupele naye akapanda, mjukuu mgongoni. Alisema hawezi kukosa kuona.

*

Uwanja wa Shukrani ulikuwa umejaa mahema. Yetu yalikuwa ya maturubai, yale ya kuanikia mpunga, yamekatwa. Ya viongozi yalikuwa na vitanda, mazulia, na mashine za kupoza hewa ili wasisumbuliwe na huko nje walikokuja kulala. Ukuta wa jukwaa uliegemezwa kwenye zahanati. Nilipofika tu niliutafuta ule mlango kwa macho.

Ulikuwa wazi.

Nilisimama. Wanaume walikuwa wanaingia na kutoka wamebeba kreti za bia. Nikamuuliza mmoja, "Baba, ufunguo umepatikana?" Akasema, "Ndiyo, mama, uliletwa jana kwa ndege. Vinywaji vingepata joto." Nikashika kifua. Nikasema, ee Bwana, linda ulimi wangu, nikaenda kuifunika ngoma yangu jukwaani, nikaketi chini kando ya jukwaa.

Mchana tulipewa semina. Akaja kijana mmoja wa suti na viatu vya kupandia milima, Mtaalamu wa Kulala Nje, aliyeisomea kazi hiyo mbali. Alitufundisha, sisi tuliozeeka mashambani, namna ya kuketi kwenye moto.

"Kuni," alisema, "huwekwa juu ya ardhi."

"Kumbe!" Mama Atupele akanigonga ubavu. "Mimi muda wote nilikuwa naziweka angani."

Mtaalamu akaendelea kusema kwamba moto wa tamasha ni wa kupigia picha na kuchomea nyama ya viongozi, hivyo ni marufuku kusogeza ngoma karibu na moto. Ni hatari, alisema, ngozi zinawaka. Wapiga ngoma wakatazamana. Mtu gani amewahi kupiga ngoma bila kuiotesha moto ngozi ikaze? Mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza. Akajibiwa kwamba maswali yatakusanywa tamasha likiisha. Kulikuwa na mawingu na unyevu tangu asubuhi. Ngoma zote za taifa zikakaa pale uwanjani, zinalegea taratibu kama uji uliozidi maji.

*

Mheshimiwa Waziri aliwasili alasiri. Jina lake ni Mheshimiwa Dokta Dokta Kisusi. Udokta wa kwanza alipewa na chuo fulani, wa pili alijipa mwenyewe kwa kuwa wa kwanza ulikuwa mpweke. Kabla ya hotuba alitaka kula, na kabla ya kula alitaka mahali pa kuweka sahani, na jukwaani hapakuwa na meza ya kimo chake.

Akavuta blanketi langu, akalitupa chini. Akaweka sahani ya mbavu za mbuzi juu ya ngozi ya ngoma ya msiba. Pembeni akaweka chupa ya bia.

Nilisimama. Tindwa akanishika mkono. "Mama, mama, bado haijapigwa. Si tulikubaliana isipigwe tu?"

Nikaketi. Nikatazama. Mungu anisamehe, sijawahi kumchukia mtu anayekula, chakula ni neema. Lakini mtu yule alikula kama anayelipiza kisasi. Mafuta yalimtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, akayafuta kwenye ngozi ya ngoma, huku na huku, kama anayepiga pasi. Mifupa akaiacha hapohapo. Aliporidhika akacheua kwenye kipaza sauti, na watu wa itifaki wakapiga makofi.

"Wananchi," alisema, "kulala nje si shida! Kulala nje ni maendeleo yasiyo na kuta! Paa ni nini? Paa ni kizuizi kati ya mwananchi na anga lake! Serikali yenu sikivu imewaondolea kizuizi hicho bila malipo!"

Makofi.

"Sasa natangaza tamasha hili kufunguliwa rasmi, ngoma zilie!"

Wapiga ngoma wakapiga kwa nguvu zao zote. Kilichotoka, ndugu zangu, kilikuwa sauti ya nguo mbichi zinazopigwa jiweni. Puu. Puu. Mama mmoja akaangua kicheko. Uso wa Mheshimiwa ukakunjamana. Kwa hasira akachukua mfupa wa mbavu akaugonga juu ya meza yake.

Meza ikalia.

Vichwa vyote viligeuka. Ngoma yangu ilikuwa imekauka miaka na miaka juu ya moto wangu, na njia nzima nilikuwa nimeifunika. Ililia kidogo tu, kama mtu anayekohoa mlangoni. Macho ya Mheshimiwa yakang'aa. "Kumbe ipo inayolia! Mmenificha!"

"Mheshimiwa," Tindwa alisema, akasimama, akafungua kinywa. Nilimwombea, haki ya Mungu nilimwombea apate neno moja tu. "Mheshimiwa... hongera sana."

Waziri akafagia mifupa kwa kiganja, akakunja ngumi zote mbili akaipiga.

*

Uwanja mzima uliketi chini kwa pamoja, kama majani yanavyolala upepo ukipita. Wapiga ngoma walizilaza ngoma zao kifudifudi. Wapishi wakamwagia mioto maji, na nyama ya viongozi ikabaki nusu mbichi kwenye moshi. Polisi waliosimama ulinzi, vijana wa kwetu hao, waliketi kofia magotini. Wanawake wakaanza kulia, kwanza chinichini, halafu kwa sauti.

Mheshimiwa aliangalia yote haya akafurahi mno.

"Mmeona?" alisema. "Nimepiga mara moja, taifa limeketi! Waziri gani mwingine ameketisha watu bila mabomu ya machozi? Lieni, mama zangu, lieni, furaha haina aibu!"

Akahutubia sana. Alipoona hakuna makofi, akasubiri. Alipoona hata redio ya taifa imeweka vifaa chini na mtangazaji amejifunika shuka, akamwita Tindwa. Kipaza sauti kilikuwa bado wazi, tukasikia wote.

"Hawa wana nini?"

"Wako msibani, Mheshimiwa."

"Nani amekufa?"

"Hatujui, Mheshimiwa. Tunakusubiri wewe."

"Mimi?"

"Aliyepiga ndiye anayetaja. Bila jina hawainuki, na moto hauwashwi."

"Waambie hakuna aliyekufa."

"Nikisema hakuna, Mheshimiwa, itakuwa kwamba umepiga kwa makosa."

Katika nchi yetu Waziri hakosei, iko kwenye katiba, ukurasa wa mbele, chini ya picha. Kwa hiyo ikabidi apatikane mtu aliyekufa. Papo hapo ikaundwa Kamati Ndogo ya Kumpata Marehemu, mwenyekiti wake Tindwa.

Hapo ndipo nilipoona viongozi wakipungua. Waziri akisema jambo kwetu, mambo hujirekebisha yafanane na alivyosema, na kila mwenye cheo alijua akitajwa yeye amekwisha, hata kama anapumua. Mkuu wa Wilaya alikumbuka dawa yake garini. Mkuu wa Zimamoto alipiga magoti akasema ana mama mzee. Mtaalamu wa Kulala Nje alikwenda kulala ndani. Mmoja akashauri mbwa wa kambi auawe haraka. Tindwa akasema ngoma hii hailii kwa mbwa. "Basi tafuteni aliyekaribia!" Mheshimiwa alifoka. Wakapita kati yetu wakitazama wazee usoni, wanauliza afya zao kwa upendo ambao hatujawahi kuonyeshwa. Hakuna mzee aliyekubali kukohoa.

Jua lilipokaribia kuzama, Mheshimiwa akapata wazo. Akashika kipaza sauti, akajaza kifua.

"Wananchi! Namtaja marehemu! Aliyekufa leo katika nchi yetu ni... Umaskini!"

Watu wa itifaki wakapiga makofi peke yao. Sisi tuliketi. Kisha nikasikia sauti ninayoijua, kutoka mkekani pembeni yangu.

"Amefia wapi, Mheshimiwa? Maana mimi asubuhi nimemwacha nyumbani kwangu mzima kabisa, hata mlango kanifungia yeye!"

Watu wakacheka huku wanalia, na ukishaona kicheko cha namna hiyo ujue hakuna atakayeinuka.

"Usitutanie, baba," Mama Atupele aliendelea. "Ngoma umepiga mwenyewe. Tuambie basi, Waziri umefiwa na nani?"

Usiku ule tulilala palepale tulipoketi, bila moto, bila chakula, tumekumbatiana. Mtaalamu alipochungulia asubuhi alikiri kwamba hajawahi kuona watu wakilala nje vizuri namna ile.

*

Jumapili, saa ambayo kwetu kengele ya kwanza hulia, Tindwa alinijia. Macho yake yalikuwa mekundu. Alinipeleka kwenye zahanati, maana mwenye ngoma desturi inamruhusu kuinuka.

Niliuvuka ule mlango. Nilikuwa nimeota mara nyingi nauvuka, mume wangu begani. Ndani kulinuka bia iliyomwagika. Kwenye meza ya kuzalishia wanawake walikuwa wamelaza mbuzi aliyechunwa, damu inadondokea kwenye beseni lenye alama ya msalaba mwekundu. Kabati la dawa lilijaa soda. Mheshimiwa alikuwa amekaa kwenye kitanda cha wagonjwa, kipya, nailoni bado haijatolewa, anakula ndizi.

"Mama yetu!" alisema. "Nasikia una marehemu."

"Ninaye, Mheshimiwa. Nimeshamzika."

"Ndiyo uzuri wake! Yuko tayari. Hakuna atakayeumia. Mimi nitamtaja, wewe utaitikia, watu watainuka, tutakula. Atakuwa Shujaa wa Taifa wa Midundo."

"Ngoma ilishamlilia. Alishatajwa na alipofia."

"Hapo ndipo tutakaporekebisha kidogo," alisema Mheshimiwa, na nikakumbuka nimewahi kuyasikia maneno hayo. "Amefia ndani. Mikononi mwa wataalamu. Anatabasamu. Na zahanati hii tutaipa jina lake! Zahanati ya Ambokile!"

Nitasema kweli, hapo nilitamani. Jina la mume wangu ukutani, kwa rangi.

"Itafunguliwa kila siku?" niliuliza.

"Itakuwa na jina kila siku."

"Na mganga?"

"Mama, tusiingize siasa kwenye msiba."

Akatupa ganda la ndizi kwenye beseni la damu akatoka. Tindwa akabaki. "Mama, neno moja tu, 'Ni wetu.' Nakuomba. Ukikataa ngoma itabaki makumbusho ya Wizara, na mimi sijui nitabaki wapi."

"Mama yako Sekela alipotajwa, tulisema alifia wapi?"

Akatazama sakafu. "Kisimani. Alidondoka na ndoo."

"Kuna aliyerekebisha?"

Nikatoka. Mama Atupele alikuwa ameketi na mjukuu wake mapajani, mtoto analia ile sauti nyembamba ya njaa, na kwenye mikeka mingine kulikuwa na wengine kama yeye. Nilipopita akanivuta kanga.

"Nimesikia wanachotaka. Sikwambii la kusema, mwenzangu. Nakwambia tu watoto wanalia."

"Nawasikia."

"Basi."

Nilipanda jukwaani na mzigo huo. Kushuhudia uongo ni dhambi, hilo nilifundishwa kabla ya kusoma na kuandika. Lakini mtoto kulala njaa kwa sababu ya mdomo wangu, hilo nalo nani angenisafishia? Niliisogelea ngoma. Mafuta yalikuwa yameganda kwenye ngozi, meupe, yana majivu. Nikaanza kuyafuta kwa ncha ya kanga, taratibu, na nilipokuwa nafuta nikatulia, nikajua la kufanya. Lilikuwepo muda wote kwenye desturi yetu, na kila aliyeketi pale alilijua kama mimi. Kilichokuwa kinasubiriwa ni mwenye ngoma.

Mheshimiwa alishika kipaza sauti. Safari hii hakupiga kelele. Alikuwa ametafutiwa sauti ya huzuni na ilimkaa vizuri.

"Wananchi, namtaja. Ni Ambokile, mpiga ngoma. Amefia ndani ya zahanati hii ya kisasa, kitandani, akihudumiwa na mabingwa, huku akiitakia mema serikali yake. Alifariki akitabasamu."

Uwanja wote ukageuza macho kwangu. Mheshimiwa akaniletea kipaza sauti mdomoni, mkono wake ukinuka mbuzi na ndizi, na Tindwa akafumba macho.

"Sema, mama," Mheshimiwa alininong'oneza huku anatabasamu. "Ni wako."

Nikaona mlango ule nyuma ya bega lake, wazi, kreti moja imeuzuia usijifunge.

"Huyo simjui," nilisema. "Wangu alifia nje."

Nikavua kanga moja nikaisokota kata, nikaiweka kichwani. Nikainama nikashika ngoma upande mmoja.

"Ngoma hiyo ni mali ya Wizara!" alisema Mheshimiwa. "Polisi!"

Polisi walikuwa wameketi msibani. Waliangalia kofia zao.

Mama Atupele akapanda jukwaani, mtoto mgongoni. Mtu yule ambaye hata kanisani huongea wakati wa sala ya kimya, alishika upande wa pili wa ngoma, akanitwisha, akanitengenezea kata isiteleze, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na la kusema. Nilishuka ngazi za jukwaa, ngoma kichwani, nikapita kati ya mahema nikashika njia ya kwetu, kwenye jiko langu na moto. Nyuma yangu nikasikia mkeka unakunjwa, halafu mwingine, halafu mingi. Sikugeuka.